Stopu, apacha, shata na ISO: maneno ya msingi ya upigaji picha na yanavyoshikana

Maneno ya upigaji picha hufundishwa kama orodha ya kukariri: hii ni apacha, hii ni shata, hii ni ISO. Mwanafunzi anakariri vizuri, kisha anafika mahali penye mwanga mgumu na hajui aguse kipi. Kumbukumbu yake haina kasoro. Shida ni kwamba kila neno alifundishwa kivyake, ilhali yote yanazungumzia jambo moja: ni mwanga kiasi gani umefika kwenye kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, na umefikaje. Lipo neno moja linaloyafunga pamoja, na wafundishaji wengi huliacha hadi mwisho. Mimi naanza nalo.

Stopu

Stopu ni kipimo cha mwanga. Kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Kupunguza stopu moja ni kuugawa nusu. Stopu mbili ni mara nne, stopu tatu ni mara nane. Apacha, shata na ISO vina namba zisizofanana kabisa, lakini vyote vitatu husogea kwa stopu. Ukiziba apacha kwa stopu moja, unarudisha mwangaza uleule wa picha kwa kuiacha shata wazi stopu moja zaidi, au kwa kupandisha ISO stopu moja.

Kamera nyingi zimepangwa kusogea kwa theluthi ya stopu, kwa hiyo mibofyo mitatu ya gurudumu ni stopu moja kamili. Ndiyo maana unakutana na namba kama f/3.5, 1/80 au ISO 640: ni vituo vya katikati tu.

Apacha

Apacha ni upenyo ulio ndani ya lenzi, unaotengenezwa na vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga kwa pamoja. Huandikwa kwa f na mkwaju: f/2, f/5.6, f/11. Namba hiyo inatokana na kugawanya. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, ugawanye kwa kipenyo cha upenyo jinsi unavyoonekana ukitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2 ina upenyo wa milimita 25. Ikiwa kwenye f/16 upenyo ni kama milimita 3 tu. Kwa hiyo namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo. Anayeelewa kwamba namba hiyo ni kigawanyo hahitaji kulikariri hilo tena.

Vituo kamili ni f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, f/22. Kila ukisonga kimoja kwenda kulia, mwanga unapungua nusu. Namba zenyewe haziongezeki mara mbili kwa sababu mwanga hupita kwenye eneo la duara, na eneo hufuata mraba wa kipenyo: ili eneo lipungue nusu, kipenyo kinagawanywa kwa takriban 1.4. Njia nyepesi ya kuzishika ni kuruka moja moja: 2, 4, 8, 16 upande mmoja, 1.4, 2.8, 5.6, 11, 22 upande wa pili.

Apacha ina kazi ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hasa ya kuijua. Inaamua kina cha fokasi, yaani umbali kutoka mbele kwenda nyuma ambao ndani yake vitu vinaonekana vikali. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), mtu amesimama mita 2 kutoka ulipo. Kwenye f/1.8 kina hicho ni kama sentimita 17. Kwenye f/8 kinafika karibu sentimita 77. Sasa chukua lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8 na umsogelee mtu hadi mita 1.5: kina kinashuka chini ya sentimita 4. Jicho la karibu litakuwa kali, sikio litakuwa na ukungu, na akigeuza uso kidogo tu jicho la pili nalo linafifia.

Hapo ndipo picha nyingi za vikundi zinapoharibika. Mpigaji amesikia kwamba apacha kubwa inaleta picha nzuri, anaweka f/1.8, anafokasi safu ya mbele, na safu ya nyuma inatoka na ukungu. Kwenye skrini ndogo ya kamera haionekani, inaonekana ikishachapishwa. Safu mbili au tatu za watu zinataka f/5.6 hadi f/8, na ukifokasi kwenye uso wa safu ya kwanza au ya pili, wala si safu ya nyuma kabisa.

Mambo matatu yanapunguza kina cha fokasi: kufungua apacha, kumsogelea unayempiga, na kutumia lenzi ndefu. Simu ina lenzi yenye urefu halisi wa milimita chache tu, na ndiyo maana karibu kila kitu kwenye picha yake ni kikali. Ule ukungu wa nyuma unaopatikana kwenye modi ya potreti ya simu unatengenezwa na programu inayokisia kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Inakosea mara nyingi penye nywele, miwani na nafasi iliyo kati ya mkono na kiwiliwili.

Boke ni namna ukungu huo unavyoonekana, hasa taa ndogo za nyuma zinapogeuka miduara. Upenyo ukiwa mviringo zaidi, miduara inakuwa laini. Vibati vikiwa vichache na apacha imezibwa, utaona pembe.

Usiende upande wa pili kupita kiasi pia. Kwenye f/22 kina ni kirefu, lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, jambo linaloitwa difraksheni, na picha nzima inalainika. Kwenye fremu kamili dalili zake huanza kuonekana baada ya f/11. Lenzi nyingi huwa kali zaidi stopu mbili au tatu kutoka uwazi wake wa mwisho.

Na maandishi ya kwenye lenzi, kwa mfano 18–55mm f/3.5–5.6, yanasema hivi: ukiwa kwenye milimita 18 unaweza kufungua hadi f/3.5, ukizumu hadi 55 mwisho wako ni f/5.6. Umepoteza stopu moja na theluthi kwa kuzungusha lenzi tu. Watu wanazumu ndani ya ukumbi wenye giza halafu wanashangaa picha zimeanza kucheza, yaani kutoka na ukungu wa mtikisiko.

Shata

Shata ni pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi. Kasi yake ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia: sekunde 1, 1/2, 1/4, 1/8, 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000 na kuendelea. Kila kituo ni stopu moja. Angalizo moja la skrini: kamera nyingi huandika 4 kumaanisha robo ya sekunde, na 4" kumaanisha sekunde nne nzima. Tofauti kati ya hizo mbili ni stopu nne.

Picha yenye ukungu ina sababu tatu tofauti, na kila moja ina tiba yake. Kuza picha utazame. Ikiwa kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, hata ukuta na meza, mkono wako ulitikisika. Ikiwa ukuta ni mkali lakini mtu ameburuzika, mtu alisogea haraka kuliko kasi ya shata. Ikiwa mtu ana ukungu usioburuzika lakini kitu kilicho nyuma au mbele yake ni kikali, fokasi imekosea, na kuongeza kasi ya shata hakutasaidia chochote.

Dhidi ya mkono kutikisika, kanuni ya zamani bado inafaa: kasi isiwe chini ya moja juu ya urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 50, 1/50 au zaidi. Ya milimita 200, 1/200 au zaidi. Kwenye kihisi kidogo zidisha kwanza kwa kizidisho chake, nitakachokieleza chini. Kamera au lenzi yenye kituliza mtikisiko inakuruhusu kushuka stopu kadhaa chini ya hapo, ila inatuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia hatulizwi na mashine.

Kwa mwendo wa unayempiga, anzia hapa: mtu aliyesimama anaongea, 1/125, anayetembea, 1/250, watoto wanaocheza, 1/500, michezo, 1/1000, ndege anayeruka, 1/2000. Ukitaka maji ya maporomoko yaonekane kama hariri, nusu sekunde hadi sekunde 2, kamera ikiwa juu ya tripodi na ukitumia kipima-muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza.

Chini ya taa za umeme kuna jambo jingine. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipande na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: picha moja inakuwa na mwanga, inayofuata hafifu, au panatokea mistari ya giza inayokatiza picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50 mistari itapungua au kuisha. Penye umeme wa hezi 60, 1/120 au 1/60. Shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, huathirika zaidi, kwa hiyo rudi kwenye ya kawaida.

ISO

ISO 100, 200, 400, 800, 1600, 3200, 6400: kila moja ni stopu moja juu ya iliyotangulia. Kipimo hiki cha wepesi wa kupokea mwanga kilirithiwa kutoka kwenye filamu, pale viwango vya ASA (cha Marekani) na DIN (cha Ujerumani) vilipounganishwa mwaka 1974.

Kwenye kamera ya dijitali, kupandisha ISO hakuongezi mwanga wowote unaofika kwenye kihisi. Kunaamua jinsi ishara iliyopokewa itakavyokuzwa. Hii ni hoja ya kuishika vizuri, kwa sababu chenga, vile vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha, zinazolaumiwa kwa ISO zinaletwa hasa na uhaba wa mwanga. Mtu anayeogopa chenga anabaki ISO 400, anapata picha ya giza, kisha anaipandisha stopu tatu kwenye kompyuta. Chenga anazozipata ni zilezile za ISO 3200, na mara nyingi mbaya zaidi. Pandisha ISO bila woga pale mwanga unapokataa. Chenga zinapunguzika kwenye programu. Picha iliyocheza haina dawa.

Hesabu moja ya kufanya kwa mkono

Uko ndani, unampiga mtu, na mwangaza ni sahihi kwenye f/4, 1/30, ISO 800. Anasogeza mikono akiongea na picha zinacheza. Unataka 1/125. Kutoka 1/30 hadi 1/125 ni stopu mbili za mwanga umezipoteza, na lazima zirudi kutoka mahali fulani. Unaweza kufungua apacha hadi f/2, kama lenzi inaruhusu, ukalipa kwa kina cha fokasi. Unaweza kupandisha ISO hadi 3200, ukalipa kwa chenga. Au ugawane: f/2.8 na ISO 1600. Zote tatu zinatoa mwangaza uleule. Ukiwa na mtu mmoja, chagua f/2. Ukiwa na watu watatu waliokaa kwa kina tofauti, ISO 3200.

Nje kwenye jua kali lisilo na wingu, kuna kianzio kisichohitaji mita ya mwanga, kipimio kilicho ndani ya kamera: f/16, na shata iwe moja juu ya ISO. ISO 100, basi 1/100. Ukitaka f/5.6, umefungua stopu tatu, kwa hiyo shata inakwenda 1/800.

Mita ya mwanga na fidia ya mwangaza

Mita ya kamera haijui unapiga nini. Inachukulia kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha kati, kile kinachotajwa kwa kawaida kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe likijaza fremu, mita inalishusha hadi kijivu. Suti nyeusi ikijaza fremu, inaipandisha hadi kijivu. Dawa ni kitufe cha fidia chenye alama ya + na −: kwa weupe mwingi ongeza stopu 1 hadi 1 na theluthi mbili, kwa weusi mwingi punguza stopu 1.

Uso wa ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe au dirisha huumia zaidi: mita inausoma ukuta, na uso unazama gizani. Tumia upimaji wa doa, unaosoma sehemu ndogo tu ya fremu, uuelekeze usoni. Lakini hapo pia mita itataka kuufanya uso kuwa kijivu cha kati, na ngozi iliyokolea itatoka imepauka. Punguza theluthi mbili hadi stopu 1, kisha utazame. Ngozi hiyo inastahili rangi yake halisi, na kazi hiyo ni ya mpigaji, si ya mashine.

Usiamini mwanga wa skrini. Juani skrini inaonekana giza, usiku inaonekana ng'avu. Tazama histogramu, mchoro wa mwanga ambao kamera huuonyesha: kushoto ni weusi, kulia ni weupe, urefu wa mlima ni wingi wa pikseli. Mlima uliobanwa kwenye ukuta wa kulia ni sehemu zilizoungua, na kilichoungua hakina kitu cha kurudisha. Histogramu haina umbo moja sahihi. Picha ya usiku italala kushoto na iko sawa.

Kwenye gurudumu la modi, A au Av ni wewe kuchagua apacha na kamera kuchagua shata. S au Tv ni kinyume chake. P kamera inachagua vyote viwili. M unachagua wewe vyote. Wengi husukumwa kuanza na M. Sioni faida. A pamoja na ISO ya kujiendesha, ukiwa umeipa kamera kikomo cha chini cha shata, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. M inahitajika pale mwanga haubadiliki lakini nguo na mandhari vinabadilika, na pale unapotumia fleshi.

Urefu wa fokasi na ukubwa wa kihisi

Urefu wa fokasi hupimwa kwa milimita na unaamua upana wa unachokiona. Kwenye fremu kamili, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya 24 ni pana, 50 ni ya kawaida, 85 hupendwa kwa potreti, 200 ni ndefu. Kihisi cha APS-C ni kidogo, kinakata kingo za picha, na kizidisho chake ni 1.5, au 1.6 kwa Canon. Lenzi ya 50 hapo inaona kama 75 au 80. Lenzi yenyewe haijabadilika.

Pua kubwa kwenye picha ya karibu hailetwi na lenzi pana. Inaletwa na umbali: ukiwa sentimita 40 kutoka usoni, pua iko karibu sana kuliko masikio kwa uwiano. Lenzi pana ndiyo iliyokushawishi usogee. Rudi nyuma hadi mita 1.5 au 2, kisha uzumu.

Fokasi, rangi na faili

AF ni fokasi ya kujiendesha. AF-S, ambayo Canon huiita One Shot, hufokasi mara moja na kushikilia. AF-C, au Servo, huendelea kumfuata anayesogea. Kosa la kawaida ni kumpiga mtu anayekuja mbele yako kwa AF-S: kamera ilifunga fokasi pale alipokuwa, naye ameshapita. Chagua pia nukta moja ya fokasi mwenyewe, au ugunduzi wa jicho kama kamera inao. Ukiiachia kamera nukta zote, mara nyingi itachukua kilicho karibu zaidi, ambacho huwa mkono au jani.

Mizani ya weupe husahihisha rangi ya mwanga, inayopimwa kwa Kelvin. Mshumaa ni kama 1900, balbu ya zamani 2800 hadi 3200, jua la mchana kama 5500, kivuli chini ya anga la buluu 7000 na zaidi. Ukichanganya dirisha na balbu, hakuna namba itakayosahihisha vyote viwili. Zima balbu.

Faili la JPEG lina viwango 256 kwa kila rangi, na kamera imeshaamua rangi na ukali. RAW, yaani faili ghafi, ya biti 14 ina viwango 16,384, na maamuzi bado ni yako, mizani ya weupe ikiwemo. Megapikseli hazipimi uzuri: picha ya 6000 kwa 4000 ni megapikseli 24, na kwa nukta 300 kwa inchi inachapishwa hadi inchi 20 upande mrefu. Wengi hawachapishi hata nusu ya hapo.

Fleshi

Nguvu ya fleshi hutolewa kwa namba elekezi, kwa kawaida katika ISO 100. Igawanye kwa umbali upate apacha: namba 40, mtu yuko mita 5, basi f/8. Umbali ukizidishwa mara mbili mwanga unabaki robo, yaani umepoteza stopu mbili, kwa hiyo fleshi ya kamera haitamulika watu walio mwisho wa ukumbi hata ungefanyaje.

Ukiona ukanda mweusi umefunika sehemu ya picha, shata imezidi kasi ya kuoana na fleshi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Shata ina mapazia mawili, moja la kufungua na moja la kufunga, na juu ya hapo la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, na mwako wa fleshi unakuta sehemu ya kihisi imefunikwa. Shuka hadi 1/200.

Mwako wenyewe ni mfupi mno kiasi kwamba, chini ya kasi hiyo, shata haiupunguzi. Apacha na ISO zinagusa fleshi na mandhari pamoja. Shata inagusa mandhari peke yake. Ukimpiga mtu jioni, yeye akiwa sawa lakini nyuma yake kumekuwa giza tupu, acha apacha ilipo na ushushe shata kutoka 1/200 hadi 1/50. Mandhari inapata stopu mbili, na uso haubadiliki, ilimradi mwanga mwingi wa usoni unatoka kwenye fleshi.